Mama Tena, Aliyerudia Kidato Akafika Chuo

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba kilichopakana na karakana ya baba yake, fundi seremala. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti wawili. Mkunga alisema hajapata kumsikia mtoto anayelia akaushinda msumeno.

Shule ya msingi aliimaliza bila taabu, na mwaka 1976 akaingia sekondari ya bweni. Huko mambo yakamwendea mrama, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa hodari wa kuigiza sauti za walimu, bweni zima likacheka, na vitabu vikabaki vimefungwa. Mwisho wa mwaka alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mwaka uliofuata hali ilikuwa ile ile. Baba aliisoma ripoti, akaiweka kando ya randa, akamwuliza kwa upole, "Walimu wamekosea?" Marehemu akajibu kwamba hawajakosea. "Basi kazi ipo," akasema baba, akaendelea kulainisha ubao wake.

Mwalimu mkuu alimpa njia mbili: arudie kidato cha pili au arudi nyumbani. Kurudia kulikuwa na mwiba wake, maana mdogo wake alikuwa anapanda kidato hicho hicho. Likizo ile marehemu alikosa raha kabisa, akamwambia mama kwamba heri akajifunze kushona kuliko kukaa darasa moja na mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni. Mama hakumlazimisha. Alimwomba tu aende muhula mmoja, ikishindikana arudi.

Siku ya kwanza darasani, watu walikuwa wameshaanza kunong'ona na kucheka chinichini. Marehemu akapita moja kwa moja kuelekea dawati la nyuma kabisa. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alimshika mkono.

"Dada, kaa hapa na mimi. Ukienda nyuma, na mimi nakuja nyuma."

Akakaa. Wakashirikiana dawati hilo mpaka kidato cha nne. Mwanzoni mdogo ndiye aliyemweleza dada hesabu, na ilimchoma, lakini alipiga moyo konde akauliza hata yale ya aibu kuuliza. Kufikia kidato cha tatu, somo la viumbe hai lilikuwa lake. Mdogo ndiye aliyekuwa akimfuata yeye kuuliza jinsi misuli inavyovuta mfupa.

Mwaka 1980 alifaulu vizuri mtihani wa mwisho, akaomba chuo cha tiba ya viungo. Chuo kilitaka ripoti za miaka yote, na zile mbili za kwanza zilikuwa bado zinanuka. Kwenye usaili mkuu wa chuo alizitandaza mezani, akasema, "Hapa naona wanafunzi wawili. Nani amekuja leo?"

"Wote ni mimi, Mwalimu," alisema marehemu. "Miaka ile sikuumwa wala sikufiwa. Nilikuwa sisomi. Nilipoanza kusoma, nikaona kumbe naweza."

Alipokewa kwa majaribio ya muhula mmoja, na majaribio hayo hayakuzungumzwa tena. Siku ya mahafali, Desemba 1983, mkuu yule alimsimulia baba kwamba waombaji wengine walijitetea kwa misiba, mpaka akahofu hakuna bibi aliyebaki hai nchini. Binti wa seremala pekee ndiye aliyesema kweli, na mkuu akaona mtu wa namna hiyo hatamdanganya mgonjwa.

Alianza kazi hospitali ya wilaya mwaka 1984, akastaafu 2021. Jina la Mama Tena alipewa na mwashi mmoja aliyeanguka kutoka juu ya jengo. Kila alipomaliza hatua ya mazoezi kati ya vyuma viwili vya kushikilia, alimsikia marehemu akisema, "Tena." Siku moja alichoka akamporomoshea matusi. "Nitukane ukiwa umesimama," akajibu marehemu, "ukikaa sikusikii." Mwashi alisimama ili amtukane, na hasira zikaishia kwenye kicheko. Wanafunzi wa mazoezi walioanguka mitihani aliwaita chumbani kwake, akawaambia nafasi aliyoshika kidato cha kwanza bila kupunguza hata moja.

Tarehe 8 Agosti 1987 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa. Alipenda kusema kwamba mumewe huwaleta wagonjwa wamelala, na yeye huwatoa wamesimama. Waliishi kwa kutaniana na kusikilizana.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kudhoofika. Alihudhuria kusafishwa damu kwa uvumilivu, akipelekwa na dereva yule yule aliyemwoa. Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, asubuhi, alifariki dunia katika hospitali aliyoitumikia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake. Ameacha pia wale aliowarudishia miguu. Wengi wao wako hapa leo, na tangu asubuhi tunawaletea viti, wanakataa kukaa.

Kazi yake ameikamilisha. Sasa naye apumzike, apumzike kwa amani.