Norbert Wanta, Jaji wa Macho ya Kulungu

Padre, ndugu, majirani, na ninyi wanachama wa Chama cha Mafundi wa Kuwamba mliokuja na beji zenu kifuani, familia imenituma mimi Marlys, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee historia yake, na kwa kuwa si adabu msomaji kujitanguliza mbele ya jeneza, nitakuwa nikijiita binti yake tu.

Marehemu Norbert Leo Wanta alizaliwa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1941, katika shamba la viazi la wazazi wake nje kidogo ya mji wetu huu wa Polna, hapa Wisconsin, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, mkunga akiwa chumbani na baba mtu akiwa porini na bunduki yake, na inasimuliwa kwamba mzee huyo aliporudi alizihesabu kwanza ncha za pembe za kulungu aliyempiga, zikawa nane, ndipo akanawa mikono na kuja kumtazama mtoto. Marehemu aliipenda sana hadithi hiyo, akaisimulia katika kila sherehe, wala hakuona ndani yake jambo la kumsikitisha mtu yeyote.

Alisoma shule ya parokia hii kuanzia mwaka 1947 hadi 1955, akaendelea na sekondari ya wilaya aliyoimaliza Mei 1959, na ufundi wake wa kuwamba ngozi za wanyama waliokufa waonekane hai alijifunza kwa njia ya posta, kwa masomo yaliyomfikia ndani ya bahasha kila mwezi, akianza na kindi, ambaye alitoka na shingo ya bata, hata mama yake akamtupa jalalani kwa sababu paka alikataa kuingia ndani. Tarehe 3 Oktoba 1960 aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi, akakitumikia kwa miaka thelathini na minane, lakini sote tunajua kwamba kiwanda kilimpata mchana tu, moyo wake ulikuwa gereji, kwenye karakana aliyoifungua mwaka 1966, alipokuwa akiwamba ngozi za kulungu juu ya maumbo ya povu gumu mpaka mtu anashusha sauti akipita mbele yake, asije akamshtua mnyama.

Mwaka 1984 chama kilimfanya jaji wa mashindano ya jimbo, na hapo lazima nimpe haki yake, kwa maana alikuwa jaji kwelikweli, aliingiza tochi ndani ya mianzi ya pua kuona kama fundi amepaka rangi tu au ametia na unyevu, akachungulia nyuma ya masikio kama mshono umejificha, akaitazama midomo kama imefumbwa au imebanwa, lakini mwisho wa yote alisimama mbele ya macho. Mboni ya kulungu imelala kama tundu la sanduku la barua, nayo hubaki sambamba na ardhi hata mnyama ageuze kichwa vipi, na marehemu aliwaangusha mafundi wenye mvi kwa mboni iliyopinda upana wa ukucha, akiwaambia, "Nywele zinamsitiri fundi, macho yanamvua nguo." Wengine mlilia mbele yake, nawaona hapa, na mlirudi mwaka uliofuata mkiwa mafundi bora.

Alifunga ndoa takatifu na Ardell Zblewski tarehe 12 Juni 1965, mbele ya altare hii hii, wakajaliwa watoto wawili, Curtis mwaka 1966, ambaye hakutaka habari ya vichwa vya wanyama akaenda zake Arizona, na Marlys mwaka 1970, ambaye alivitaka mno, akalelewa na harufu ya gundi na chumvi, na akiwa na miaka tisa alishatumwa kuchagua macho ya kioo droo kwa droo. Tarehe 17 Novemba 2007 Mama alimpiga kulungu wake wa mwisho, nyuma ya shamba la viazi, na alipokuwa amelazwa alimwambia binti yake, "Aligeuka akanitazama, mwanangu, hakuniogopa hata kidogo, kama vile ananiuliza, we nani?" Mama alifariki tarehe 4 Mei 2008, naye binti akaichukua ile ngozi, pamoja na pembe ambazo marehemu alizikata mwenyewe kwa msumeno wake, akakaa nazo mwaka mmoja na miezi kadhaa, akitafuta mtazamo ule mmoja, kichwa kimegeukia begani, macho yanauliza.

Jumamosi tarehe 27 Machi 2010 alikipeleka kichwa hicho kwenye mashindano bila kumwambia baba yake, maana sheria ilitaka namba tu bila jina, akapewa namba 117, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watu wengine. Marehemu alikuja na tochi yake, Bwana Duane Literski, mwenyekiti wa chama, akiwa kando yake na karatasi ya alama, akakaa mbele ya namba 117 muda mrefu kuliko kichwa kingine chochote, akainama, akainuka, akainama tena, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Macho yamekufa. Huyu ana mikono, hana macho. Andika sitini na nane." Zilikuwa alama za chini kuliko zote siku hiyo.

Binti aliamini baba yake amezitambua pembe, kwani nani asiyetambua pembe alizozikata mwenyewe, na kwamba amembana makusudi ili watu wasiseme jaji anapendelea damu yake, hivyo kesho yake, wakila supu ya viazi, akamuuliza, naye marehemu akajibu bila kuinua uso, "Mimi nahukumu kichwa, sihukumu mtoto wa mtu. Ukitaka kusifiwa, nenda kaburini kwa mama yako." Binti alirudi kwake akafunga visu, sindano na udongo wa kufinyangia ndani ya sanduku, akaajiriwa kiwanda cha jibini, na tangu hapo mikono ile imekaa miaka tisa katika maji ya chumvi, ikitoa vipande vya jibini na kupanga vipande.

Mwaka 2013 marehemu aliacha kuhukumu, akatangaza kwamba macho yameanza kumsumbua mwaka huo, nasi tukaamini, na binti yake akawa anapita kila siku baada ya zamu, anamkatia nyama, anamsomea gazeti, anamtia dawa ya matone. Siku ya Krismasi ya mwaka 2016 alimleta nyumbani kwake, mzee akawa anapapasa ukuta akielekea mezani, mkono wake ukaangukia uso wa namba 117, akasimama, vidole vikazunguka kope, vikashuka kwenye tundu la machozi, vikarudi.

"Nani kafanya hii?"

"Ni kulungu wa Mama."

"Sikuulizi nani kapiga, nauliza nani kawamba!"

"Fundi mmoja tu, Baba, aliacha kazi."

"Basi mjinga huyo," akasema marehemu, "kope kama hizi nimezigusa mara mbili maishani, tisini na tano ningempa." Kisha akaketi, akala nyama yake ya nguruwe, akaomba aongezewe, na binti akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vimechafuka.

Sasa naja kwenye ugonjwa, ambapo karatasi niliyokabidhiwa na kaka yangu inasema tu kwamba uzeeni alisumbuliwa na macho, na ingekuwa heri niishie hapo, lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ndicho hiki. Jumanne hii, nikitafuta tai ya kumvika, nilifungua droo ya macho ya kioo, nikakuta barua ya daktari ya tarehe 9 Machi 2009, mwaka mzima kabla ya namba 117, inayosema kwamba katikati ya macho yote mawili kuna doa, kwamba mgonjwa bado anaona pembeni lakini kile anachokikazia macho ndicho kinachopotea, na kwamba asiendeshe gari wala asifanye kazi inayohitaji kuona vitu vidogo. Aliyakazia macho ya kulungu wa mke wake, ndugu zangu, na mahali pa macho akaona giza.

Alhamisi, watu walipokuja kuuaga mwili, nilimwonyesha Bwana Literski barua hiyo, naye hakushtuka. "Marlys, mwanangu, sote tulijua," alisema. "Alikuwa anajikwaa kwenye kamba za ukumbini. Sasa nani angemwambia Norbert Wanta kwamba haoni?" Nikamuuliza kuhusu namba 117, akatazama viatu vyake. "Kumbe ile ilikuwa yako? Mimi niliiona nzuri sana. Lakini yeye ndiye jaji, mama, mimi nilikuwa kalamu tu." Sheria ilimkataza jaji anayejua jina, haikumkataza jaji asiyeona.

Marehemu alianguka jikoni kwake kwa kiharusi tarehe 10 Februari 2019, akafariki hospitalini Ijumaa tarehe 15, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na saba, binti yake akiwa amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa bado unapapasa shuka kutafuta mshono. Nilimpenda, na nimemkasirikia, na vyote viwili nimekuja navyo kanisani leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari wa macho, aliyemwandikia barua ile kwa herufi kubwa kubwa ili apate kuisoma. Tunawashukuru majirani mliomzolea theluji mlangoni na kumletea tambi za kuoka. Tunawashukuru sana wanachama wenzake, mliomshika mkono meza hadi meza kwa miaka minne, mkamnong'oneza namba, mkaandika kila alilosema, mkapiga makofi, na baadhi yenu mna utepe wa mshindi wa kwanza ukutani hadi leo mliopewa na mtu asiyewaona.

Baada ya mazishi tutakula ukumbini, chini ya kanisa. Namba 117 nimeiweka karibu na mlango, lebo yake bado inaning'inia, na pembeni yake nimeacha tochi ya marehemu yenye betri mpya, hivyo kabla hujachukua sahani pita hapo, umulike, utazame.

Pumzika kwa amani, Baba. Macho yalikuwa hai.