Jini Niliyemtunga Mwenyewe

Bwana asifiwe! Hapana, mabenchi ya nyuma mmejibu kama watu wanaoumwa jino. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Kamwene, ndugu zangu wa Mjimwema.

Mnajua kwa nini nimesimama hapa. Nimetengwa na Meza ya Bwana tangu mwaka jana, na leo wazee wa usharika wamenipa nafasi ya kurudi kundini. Utaratibu wetu mnaufahamu: mtu anataja kosa lake, anasema ameliacha, anaombewa, tunaimba, tunakwenda kula viazi. Kosa langu limeandikwa kuwa ni muziki wa disko. Nimeagizwa niseme kwa kifupi kwamba nimeuacha. Nitasema, wazee wangu, ila kwa kifupi sitaweza. Naomba niachiwe kipaza sauti mpaka nimalize.

Wengi mnanikumbuka nikipiga kinanda cha kwaya hapa hapa, kile cha kupampu kwa miguu. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, mama akanipeleka Makambako kwa shangazi yangu. Ilikuwa ile miaka ruksa imeanza, biashara imefunguliwa, vitu vinaingia kutoka kila mpaka, na kila aliyekuwa na kibanda anauza kitu ambacho jana hakikuwepo. Nikapata kazi kwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa mkoa mwingine, aliyekuwa na duka la kanda karibu na njia panda. Kazi yangu ilikuwa kurekodi: dereva anataka kanda hii, namtolea nakala kwenye deki, anaweka mfukoni, anaondoka.

Sasa, madereva waliotoka Zambia walileta muziki ambao hatujawahi kuusikia. Hauna mwimbaji, hauna gitaa. Ni dundo moja linakwenda mbele, linakwenda mbele, halafu kidogo kidogo vitu vingine vinaliingilia, na wewe unajikuta umesimama. Walisema unaitwa hausi. Mwingine mkali zaidi, tekno. Nawaambia ukweli, mara ya kwanza kuusikia nilicheka. Mara ya pili nilifunga mlango wa duka ili nisikilize vizuri.

Siku moja mzee akaletewa sanduku la vyombo vya umeme vilivyotumika. Ndani kulikuwa na kinanda kidogo na kidude cheusi chenye vitufe vingi. Mzee akakigeuza huku na huku.

"Binti, wewe si unapiga kinanda kanisani? Hebu niambie hili lidude ni la nini."

Ilikuwa mashine ya ngoma. Unabonyeza, inapiga, unaipangia mapigo, inayakumbuka. Kijitabu chake kilikuwa cha Kijapani, kwa hiyo msidhani nilisoma popote. Nilibonyeza miezi minne. Nilikosea, nikafuta, nikaanza upya, shangazi akadhani nimepata mchumba maana nilikuwa sionekani nyumbani. Mzee alinipa chumba cha nyuma, akaniambia kitu kimoja tu: "Usiunguze fyuzi zangu."

Muziki wangu wa kwanza niliujengea juu ya mashine ya kusaga. Nilipeleka redio kaseti mpaka dirishani kwa jirani anayesaga mahindi, nikarekodi ule mngurumo wake, nikauwekea ngoma chini na kinanda juu. Sikukuu ya Idi mzee akaupiga kwenye disko la mchana. Watoto waliruka mpaka vumbi likaingia kwenye spika, na madereva waliokuwa wakingoja mizigo wakaja kuniuliza hiyo kanda ni ya nani. Nikasema ni yangu. Jamani, kusema "ni yangu" kuna utamu! Nikatengeneza nyingine, na nyingine. Hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo: siimbi, sichezi, natengeneza muziki.

Maneno yakapanda basi yakafika huku Mjimwema kabla yangu. Mama akaambiwa na wanawake wenzake kwamba binti yake anachezesha watu kama vichaa. Akaja Makambako, akaketi kwenye kiti cha wateja na kitenge chake cha kanisani, akasikiliza kanda nzima.

"Maneno yake yako wapi?" akaniuliza.

"Hauna maneno, mama."

"Wimbo usio na maneno, nani atajua unamsifu nani?"

Akarudi na basi lile lile. Mama ameketi pale mbele, na anajua kwamba siku ile niliumia kuliko kama angenichapa.

Ni katika hali hiyo ndipo ulipokuja mkutano wa injili uwanjani Makambako, mhubiri mgeni, watu wengi. Akasema wenye hirizi walete, wenye vitu vya dunia walete, vichomwe. Nikaenda dukani, nikabeba kanda zangu zote, zile nilizotolea nakala za madereva, na ile mashine ya ngoma, ambayo hata haikuwa mali yangu. Nikazitupa motoni mwenyewe. Sikusukumwa na mtu. Plastiki ikayeyuka, watu wakashangilia, na mimi nilikuwa nalia kwa uchungu, wao wakidhani ni furaha.

Mhubiri akanipa kipaza sauti. "Dada, nani alikufundisha kupiga vitu hivi?"

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoanguka. Ukweli ulikuwa mdogo: nilibonyeza miezi minne. Nikauona uwanja wote unaningoja, mama amekuja na wenzake wa Mjimwema, yuko mstari wa mbele, na ukweli ule nikauonea aibu. Nikasema, "Jini."

Uwanja ukavuma. Mhubiri akauliza, "Ulipewa na nani jini huyo?" Na mimi, kwa mdomo huu huu ninaosemea sasa, nikasema, "Na mwenye duka."

Mlikuwepo baadhi yenu, na mlisema haleluya.

Baada ya hapo nikawa mtu mkubwa. Niliitwa kila mahali kutoa ushuhuda. Jini yule alianza akiwa mmoja na mdogo. Nilipofika Igwachanya alikuwa na kucha. Nilipoalikwa hapa kwetu walikuwa saba, na mmoja anaongea Kiingereza. Mliniandalia kuku! Kila nilipomwongeza jini nilialikwa tena, na kila nilipoalikwa nilisahau zaidi kwamba nimemtunga mwenyewe. Miaka miwili sikugusa kinanda hata cha kanisa. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga mapigo vyenyewe chini ya kitenge, navikalia.

Na mzee je? Mzee wa watu aliandikiwa mlangoni kwa mkaa: MAJINI. Wateja wakakatika, wa kanisani kwanza, kisha hata wa msikitini wakaanza kumtazama. Waliokuwa wakinunua maandazi ya mke wake wakaacha. Akafunga duka, akawa anauza magunia matupu nyuma ya soko. Nilikuwa nazipata habari hizo zote. Nilipokwenda Makambako nilizunguka njia ya mbali nisipite nyuma ya soko.

Siku moja mchana nimeshusha viazi vyangu vya kuuza pale njia panda, nikasikia muziki wangu. Nawaambia ni wangu, ule wa mashine ya kusaga, unatoka kwenye lori lililosimama. Viazi nikaviacha chini. Nikamfuata dereva, nikamwomba aniuzie kanda ile.

"Hii siuzi, dada. Aliyeitengeneza alichukuliwa na majini. Na humo ndani jini mwenyewe anasikika."

"Ni mimi niliyeitengeneza."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala. "Wewe? Na viazi?"

"Na viazi."

"Haya, piga."

Alizima redio. Nikaupiga kwa viganja kwenye mlango wa lori, tangu mwanzo, bila kukosea. Mikono ilikuwa inajua kila kitu. Dereva akashuka. Lakini alikuwa mbishi, akarudisha kanda mpaka mahali fulani katikati ambapo mngurumo unakatika ghafla, ngoma inabaki peke yake, na kwa mbali sana sauti ya mwanamume inafoka.

"Huyu hapa jini wangu," akasema. "Miaka yote namsikia, usiombe! Mwambie aseme jina lake."

"Kaka, huyo ni mwenye mashine ya kusaga. Mkanda wa mashine ulikatika nikiwa narekodi. Anasema: huu mkanda nimeununua juzi, wauzaji wezi wakubwa! Sikiliza."

Akarudisha. Akasikiliza sikio likiwa kwenye spika. Akarudisha tena. Halafu yule mwanamume mzima akaketi kwenye ngazi ya lori akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka naye, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Maana miaka miwili nilikuwa nikihubiri majini, na kumbe kitu pekee kilichokuwa ndani ya kanda ile ni mimi na jirani yangu aliyechukia mkanda mbovu.

Dereva alipoacha kucheka akaniuliza, "Sasa mzee wa watu umemwambia nini?"

Nikaenda siku ile ile, nyuma ya soko. Mzee alikuwa akikunja magunia. Nikapiga magoti, nikamwambia nimekosa. Hakuniinua haraka. Alimaliza kukunja gunia lake.

"Binti, ulinichafua kwenye kipaza sauti. Msamaha wa hapa kwenye magunia, tuko wawili tu, utamfikia nani? Nenda ukanisafishe kwenye kipaza sauti."

Basi nikaomba. Mara mbili nilikwenda kwa wazee wa usharika kuomba nafasi ya kusema, nikaambiwa ushuhuda wangu wa zamani unatosha, nisiuharibu. Wakati huo huo nilikuwa nimerudia kazi yangu, sijafichaficha, nikatengwa. Aliyetengwa hapewi kipaza sauti. Isipokuwa siku moja tu: siku ya kurudi kundini. Ndiyo maana nilipoletewa barua yenu nilikubali upesi, mkafurahi, mkasema Roho amenigusa. Labda ni kweli. Mzee wa usharika, usinyooshe mkono kuchukua kipaza sauti kwanza, nakaribia mwisho.

Nisikieni basi. Mzee wa kanda hakuwa na jini. Hakunipa jini, hakufuga jini, hakuna jini. Alikuwa na chumba cha nyuma na moyo mzuri, na mimi nilimlipa kwa kumtangaza. Dhambi ninayoitubu leo ni hiyo: nilimshuhudia jirani yangu uongo, nikapigiwa makofi, nikaurudia. Huo uongo nimeuacha. Muziki sijauacha na sitauacha.

Namshukuru dereva yule, aliyeniletea mashine nyingine ya ngoma kutoka safari zake na hajaacha kunitania kuhusu jini wetu. Namshukuru mama, ambaye bado haupendi muziki wangu hata kidogo, ila jana usiku alinipigia pasi nguo hii akijua nitakachokuja kusema. Mama, inua kichwa. Leo hujazaa mwongo.

Na ninyi dada zangu na wadogo zangu, mkiulizwa nani aliwafundisha kitu mlichokihangaikia kwa mikono yenu, semeni nilijifunza. Hata kama uwanja mzima unasubiri hadithi nzuri zaidi. Hadithi nzuri zaidi itamwangukia mtu.

Kama bado mnataka kunitenga, nitengeni, njia ya kwenda nyumbani naijua. Lakini kabla ya hapo kuna jambo moja. Mlipoingia mlimpita mzee wa kofia nyeupe kwenye benchi pale nje, chini ya spika ya honi. Wengine mlidhani amekuja kununua viazi. Ametoka Makambako kwa basi la asubuhi, na amesikia kila neno. Msinipigie makofi mimi. Tokeni nje, mmoja mmoja, mkamsalimie.