Historia ya Leokadia, Aliyekataa Tuandike "Changamoto"

Baba Paroko, ndugu na majirani mliokanyaga theluji kuja kulia nasi, mimi ni Japhet, mdogo wake Urbanus, mumewe marehemu, na familia imenituma nisome historia ya shemeji yangu, ambayo mwenyewe aliisimamia akiwa kitandani, maana alikuwa mwalimu wa fasihi na sentensi zangu hakuziamini hata kidogo.

Leokadia Kaijage alizaliwa tarehe 14 Mei 1963, Maruku, Bukoba, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari kwa masista, walionyoosha Kiingereza chake kikanyooka kweli, na mwaka 1988 akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifunga ndoa na Urbanus tarehe 6 Julai 1991, wakahamia Toronto Agosti 1998, na tarehe 2 Juni 2000 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Jacqueline.

Kazi ya maisha yake ilikuwa kusoma na kufundisha jinsi waandishi wa Marekani walivyouandika ubaguzi wa rangi, tangu enzi za utumwa hadi leo, na mliohudhuria madarasa yake ya Jumamosi pale ukumbini Lawrence Heights mnajua tulivyokuwa tukitoka tumeduwaa, wengine tumesahau hata chai. Alituonyesha kuwa wa zamani waliandika ubaguzi wenye kibao mlangoni cha kuwakataza weusi, wa leo wanaandika ule unaokupokea kwa tabasamu, lakini mwandishi hodari wa zama zote hasemi tu kwamba mtu aliteseka, anataja mji, anataja siku, anamwacha msomaji asimame palepale.

Sasa mimi, katika rasimu yangu, niliandika kwamba alipofika Kanada alikutana na changamoto za kawaida za ugeni, kama tunavyoandika sote, naye akasema, "Shemeji, usiniandikie changamoto. Andika kilichotokea."

Kaka yangu alikataa, akasema msibani watu husifu, hawashtaki, na kwamba mambo hayo ni ya Marekani, sisi huku tumepokelewa vizuri. Leokadia alimjibu kwa upole kwamba hamshtaki mtu, ila amefundisha ya majirani zetu Wamarekani miaka yote na la kwake amelinyamazia, na hataki kuzikwa nalo.

Kilichotokea ni hiki. Jumamosi tarehe 13 Januari 2001, hapa Toronto, alipiga simu kuulizia nyumba ya kupanga, akaambiwa ipo, njoo, akaenda na mumewe, mtoto amembeba kifuani ndani ya koti, msimamizi wa jengo akawatazama, akatabasamu, akasema imechukuliwa sasa hivi. Walipofika kituo cha basi, Leokadia aliingia kwenye kibanda cha simu, akapiga namba ileile kwa sauti yake ileile, akaambiwa ipo, njoo.

Jumatatu alisimama mbele ya wanafunzi wake, akafundisha riwaya ya Kimarekani kuhusu familia iliyonyimwa nyumba, na la kwake hakulitaja. Nilipolisikia hili nilishindwa kukaa, kwa kuwa nilidhani namjua.

Jacqueline, ambaye mnajua humjibu kila mtu kwa Kiingereza, alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, akamgeukia baba yake, akauliza kwa Kiswahili, "Baba, huyo mtoto ni mimi?" Urbanus aliinamisha kichwa, kisha akaniambia niandike, na nisome kwa sauti.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Oktoba 2024, akatibiwa kwa bidii kubwa, na akafariki dunia asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Thorncliffe Park mlioleta chakula bila kuombwa, walimu wenzake, na Mama Nilofar, aliyekuwa akimsomea vitabu macho yake yalipochoka. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Pumzika kwa amani, shemeji. Limesemwa.