Mdogo Kwanza: Maisha ya Mwalimu Sahani

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, kitinda mimba wa watoto watano wa fundi cherehani na mkunga. Dada yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, ndiye aliyembeba mgongoni.

Alianza shule ya bweni mwaka 1969. Huko wakubwa waliwanyang'anya wadogo chakula, naye alilala na njaa mpaka msichana wa darasa la saba alipomketisha kando yake na kutangaza, "Atakayegusa sahani ya huyu, aguse na yangu." Wema ule hakuusahau.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1983, akafundisha shule moja hadi alipostaafu mwaka 2018. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kuwagawa wanafunzi katika nyumba nne, kila moja na watoto wa darasa la kwanza hadi la saba. Walikula meza moja, walifagia pamoja, mkubwa akamfundisha mdogo kufunga kamba za viatu. Na mkubwa hakugusa chakula kabla mdogo wake hajapakuliwa. "Sahani ya mdogo kwanza!" alipaza sauti bwaloni kila siku, na jina la Mwalimu Sahani likamganda. Wababe wa shule waligeuka walezi.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi umeme, ambaye hakuchoka kulalama, "Nilioa mwalimu mmoja, nikaletewa watoto mia tatu!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2014 mkuu mpya alizivunja nyumba. Alisema zinakula muda wa masomo. Watoto walipangwa kwa madarasa na alama, marehemu akakabidhiwa funguo za stoo ya madaftari. Wiki ileile wadogo walianza tena kutoka bwaloni na njaa. Marehemu alisema, alisihi, alilia, aliambulia patupu. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Tulimpisha. Kumsifu hatuwezi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Kutoka shuleni hakuja mtu. Waliokuja ni watoto wa nyumba zake, sasa watu wazima, wakapokezana zamu za kumuuguza. Tarehe 14 Machi mwaka huu, akiwa amelazwa hospitalini, aliletewa supu, akauliza, "Huyo binti wa kitanda cha pili amekula?"

"Bado, Mama," muuguzi alijibu.

"Basi mpe yeye kwanza."

Alifariki jioni hiyo.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne na dada yake. Uongozi wa shule, uliopo hapa, uliomba tuseme kwamba utaratibu wake unaendelea. Hauendelei.

Baada ya maziko kuna chakula. Familia inaomba wadogo wapakuliwe kwanza. Mheshimiwa mkuu wa shule atasubiri.

Mwalimu Sahani, pumzika kwa amani.