Bi Mwanakheri Silima, Muuguzi Aliyekubali Kusema "Sijui"

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi Mwanakheri Silima, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya hapa Ng'ambo, mjini Unguja, anastaafu. Mzaliwa huyu wa Bwejuu alianzia kazi wodi ya wazazi, na huko ndiko alikojulikana kwa maswali. Daktari akimaliza maelezo, yeye hudakia: "Na kwa nini iwe hivyo?"

Swali lililomshika zaidi lilikuwa la saratani ya matiti. Wanawake walikuwa wakija wakiwa wameshachelewa, naye akataka kujua kama kuna la kufanya kabla. Alisoma, akawasumbua wataalamu. Chakula cha muujiza hakukipata. Alichokipata ni kwamba kutembea, kunyonyesha, kuepuka pombe na kutonenepa kupita kiasi, hasa baada ya kukoma hedhi, hupunguza hatari; na kwamba mboga, matunda na kunde zikichukua nafasi ya vitu vya sukari na vya kukaanga, huenda nazo zikasaidia.

Alianza na sisi. Chai ya saa nne ikapoteza sambusa, ikaletewa muhogo wa kuchemsha na mapapai. Daktari Abdulwahid alivumilia kidogo, kisha akafumaniwa stoo ya dawa na mfuko wa kachori. Bi Mwanakheri hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Tamu, daktari?" Tangu hapo kachori zikaruhusiwa Ijumaa.

Halafu akawatoa kina mama wa mtaani kutembea asubuhi, mabaibui juu, raba chini, na masomo yake yakafika hadi Chwaka. Huko ndiko alikokutana na Nassra, mkulima wa mwani, mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Mwaka juzi Nassra aligundulika ana saratani ya titi. Somo lililofuata alisimama mbele ya wenzake.

"Bi Mwanakheri, mimi nnatembea kila siku. Nnakula samaki na mchicha, watoto wanne wote nimewanyonyesha. Mbona imenipata? Ulitudanganya?"

Bi Mwanakheri alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Sikukudanganya, mwanangu, lakini sikukwambia yote. Hayo hupunguza hatari, hayaiondoi. Kwa nini imekupata wewe, sijui. Ila si kosa lako."

"Basi waambie na wenzangu," Nassra akasema. "Ummy, jirani yangu, ana uvimbe kifuani. Anauficha. Anaogopa watu watasema hakujitunza."

Bi Mwanakheri aliliwaza hilo njia nzima ya kurudi mjini. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba somo lake lingeweza kumtia mtu haya hata akajificha. Kesho yake alikwenda na Nassra kwa Ummy. Walikaa naye mpaka adhuhuri ndipo akakubali kupimwa. Ilikuwa saratani, lakini bado changa. Wanawake hao wawili walitibiwa Dar es Salaam, na wote wamerudi Chwaka. Ummy ameshaingia tena baharini kwenye mwani wake. Nassra bado anakwenda kliniki, na anasema nguvu zinarudi taratibu.

Tangu siku ile, kila somo huanza kwa kuwaambia kina mama kwamba aliyejitunza anaweza kuugua, na aliyeugua hastahili kulaumiwa. Mwenye kuona badiliko lolote kwenye titi aje mapema. Kisha ndiyo yanafuata ya mchicha na kutembea. Wanaokuja kupimwa wameongezeka, na wengi wao huletwa na Nassra mwenyewe.

Sasa Bi Mwanakheri anarudi kwao Bwejuu, ambako wifi yake ameapa kutomruhusu kufanya kazi yoyote. Sisi tunaomjua tunamhurumia wifi.

Bi Mwanakheri, ahsante kwa kutufundisha, na ahsante zaidi kwa kukubali kufundishwa mbele ya watu. Mola akupe siha, umri mrefu na raha ya nyumbani.