Mtunzi wa Kisa cha Halua

Tulikuwa abiria watatu ndani ya tuktuk iliyotoka Majengo kuelekea Mji wa Kale. Mwalimu Maleka alikuwa akisahihisha insha mapajani. Kijana aliyeketi kati yetu alimwamkia kwa adabu, akasema yeye ni Mzamil, mtunzi wa hadithi za watoto. Kalamu ya mwalimu ikasimama.

"Ndiwe uliyeandika kisa cha binti aliyekula halua ya nyanyake akamsingizia paka?"

"Ndimi, mwalimu."

"Mbona hakuadhibiwa?"

"Angeadhibiwa, nani angekisoma mara ya pili?"

"Wanafunzi wangu wamekisoma mpaka jalada limetoka. Riyadh, aliyekuwa akikimbia kitabu, sasa anawasomea wenzake. Lakini katika insha hizi zote, mkosa ni paka."

Mzamil alicheka, akaona mwalimu hacheki, akajifanya anakohoa. "Basi nikiandike upya?"

"Usiguse hata neno. Ongeza adhabu tu."

"Huko ndiko kugusa, mwalimu."

Tuktuk ikasimama. Mwalimu alishuka, akainama dirishani. "Njoo darasani kesho, tuwaulize wenyewe."

"Na wakiniunga mkono?"

"Watakuunga, najua," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana kura yangu itakuwa na uzito wa darasa zima."