Mama Nukta Alipokalia Kiti cha Msailiwa

Mama Nukta, mhazili wa shule yetu, anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya kutumika katika ofisi moja kwa miaka thelathini na minne. Amefanya kazi na wakuu wa shule watano, amechakaza taipureta tatu na kompyuta nne, na makamu mkuu wa shule anasema hajawahi kupoteza barua hata moja. Hata hivyo, mwaka juzi ilibaki kidogo asiifikie tarehe hii akiwa nasi. Tumemwomba ruhusa ya kulieleza jambo hilo katika jarida letu, naye amekubali kwa sharti kwamba tusitie chumvi.

Jina la Mama Nukta alipewa na wanafunzi waliotutangulia. Barua ya kuomba ruhusa ikikosa nukta mwishoni mwa sentensi, aliirudisha dirishani, hata kama mwenye barua alikuwa amejishika tumbo. Walimu nao hawakusalimika. Mwalimu wa hesabu aliwahi kurudishiwa notisi mara tatu asubuhi moja, na mara ya nne akaja na kalamu nyekundu mkononi akamwomba asahihishe mwenyewe, yaishe.

Kazi aliipata bila kuitafuta. Alikuja shuleni asubuhi kuleta barua ya mdogo wake aliyekuwa anaugua surua, akamkuta mkuu wa shule wa wakati huo amezama katika karatasi, kwa kuwa mhazili wake alikuwa amekwenda kujifungua. Mkuu alimuuliza kama anajua kuchapa. Alikuwa amesoma uhazili miezi minne tu, lakini akakaa, akaanza. Alikuja kuleta barua, akatoka jioni akiwa mwajiriwa. Hakuna aliyemhoji, na hiyo ndiyo sababu ya yote yaliyofuata.

Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, binti wa kaka yake aliitwa kwenye usaili wa kazi katika duka la dawa. Alipoulizwa jina lake, alitaja jina la shule aliyosoma. Alirudi nyumbani analia, na shangazi yake akaamua kwamba jambo hilo halitampata msichana mwingine akiwa yeye yupo. Ijumaa iliyofuata alifungua stoo ya vitabu vya zamani nyuma ya ofisi, akapanga meza moja, viti vitatu upande huu na kimoja upande ule. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi na waliokwisha kumaliza shule walikuja kuhojiwa.

Hakutufundisha kujiambia kwamba hatuogopi. Alikuwa akisema, "Hofu inakaa pale usipopajua. Nenda ukapajue." Kwa hiyo anayeitwa kwenye usaili Jumatano alitumwa Jumanne kwenda kuiona ofisi yenyewe, apime mwendo kwa saa, amuulize mlinzi mlango ni upi. Viatu vipya vilivaliwa kwanza nyumbani. Vyeti vilipangwa kwenye faili kwa utaratibu ambao mtu angeweza kuvitoa bila kuangalia. Jina lako ulilitaja mpaka aliyesimama ukumbini alisikie. Kisha ulitafuta mambo matatu uliyoyafanya kweli, makubwa au madogo, ukajifunza kuyaeleza tangu mwanzo hadi mwisho bila kupamba.

Kukariri majibu kulipigwa marufuku, na sababu anaijua kila mtu hapa. Dada mmoja, kiranja wa mabweni, alikariri majibu kumi na moja. Jopo lilimkaribisha kwa upole likamuuliza, "Umefikaje hapa leo?" Akajibu, "Nguvu yangu kubwa ni uvumilivu." Walipomuuliza kama angependa maji, aliwaambia kwamba baada ya miaka mitano anajiona akiwa kiongozi. Siku hizi ni muuguzi, na huja mwenyewe kuwasimulia wanafunzi wapya kisa hicho huku akicheka hadi machozi.

Sasa tufike mwaka juzi. Bodi ya shule ilileta mfumo mpya wa kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, ikatangaza kwamba wafanyakazi wote kumi na mmoja wasio walimu watasailiwa upya, na kwamba nafasi zitabaki tisa. Maana yake wawili wangeondoka. Mama Nukta alikuwa na miaka hamsini na minane, amebakiza miwili astaafu. Maneno hayakukosekana. Wengine walisema kwamba mwenye umri mkubwa ajue zamu yake imefika, na hawakusema kwa kunong'ona.

Ijumaa mbili stoo haikufunguliwa. Wiki ya tatu alikuja darasani kwetu wakati wa mapumziko, sisi tukiwa kidato cha pili, akafunga mlango. Alisema kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini amewauliza watu maswali, lakini yeye hajawahi kukalia kile kiti cha peke yake hata siku moja, na sasa anakiogopa. Alituomba tumhoji. Tulidhani ni utani. Haukuwa utani.

Mara ya kwanza alifanya vibaya sana. Alikaa amekumbatia mkoba wake kama abiria anayeogopa kuibiwa. Tulipomwambia atueleze kuhusu yeye, alieleza jinsi maabara ilivyojengwa, akawataja wakuu wote watano na tabia zao, akamsifu fundi bomba. Dakika kumi zikapita. Mwenzetu tunayemwita Wakili kwa sababu ya ulimi wake alishindwa kuvumilia.

"Mama, hayo ya shule tunayajua. Wewe mwenyewe umefanya nini?"

"We mtoto! Mbona unaniuliza kama umenikamata na mali ya wizi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza hivi."

"Basi nilikufundisha vibaya," alisema, nasi tukacheka wote, na yeye akauweka mkoba chini.

Ijumaa ya pili alikiri kwamba ametafuta mambo yake matatu nyumbani wiki nzima na hakupata hata moja. Kuchapa ni kuchapa tu, alisema, kazi ya kila siku haina hadithi. Fundi wa maabara, ambaye naye alikuwa anasubiri kusailiwa, alikuwa akipita na boksi la chupa. Alisimama mlangoni.

"Kumbe! Na mwaka ule paa lilipovuja, fomu za watahiniwa alizianika nani? Mimi?"

Hapo ndipo tulipokisikia kisa ambacho Mama Nukta hakuwahi kukitaja kwa mtu. Siku tisa kabla ya kufungwa kwa usajili wa mtihani wa taifa, mvua ilipenya darini na kulowesha kabati lenye fomu mia mbili na kumi na mbili. Alizitandaza kwenye madawati ya madarasa matatu, moja moja, akazigeuza kama mtu anayeanika nguo za mtoto mchanga. Zilizofutika alizichukua hadi kwa wenyewe darasani akawauliza upya. Alizichapa zote kwa siku nne. Hakuna mtahiniwa hata mmoja aliyekosa mtihani mwaka ule. Wakili alimuuliza kwa nini hakutuambia. Alijibu kwamba hakujua kama hilo linahesabika.

Kuanzia hapo alijiandaa kama alivyotuandaa sisi. Alipata jambo la pili na la tatu. Kuhusu mfumo mpya, ambao ndio uliomnyima usingizi, alikwenda shule jirani iliyokwisha kuutumia, akamwomba karani wao amfundishe. Karani huyo ni sawa na kitinda mimba wake, lakini Mama Nukta alimwita Mwalimu, akakaa naye Jumamosi mbili. Sisi tulimhoji mara tano. Mara ya tano Wakili alikosa swali la kumtega.

Yaliyotokea ndani ya chumba cha usaili ametueleza makamu mkuu wa shule, ambaye alikuwa katika jopo. Anasema Mama Nukta aliiweka mikono yake juu ya meza mbele ya kila mtu, akaanza kuzungumza. Kisa cha fomu alikimaliza kwa dakika nne. Alipoulizwa kama ataumudu mfumo mpya, alijibu, "Kuingiza taarifa najua, kuzitafuta najua. Ripoti ya muhula bado, nimefika nusu. Jumamosi hii namalizia." Mjumbe mmoja wa bodi aliweka kalamu chini. Alisema kwamba wengine wote waliopita asubuhi ile walidai wanajua kila kitu.

Ikabaki shida moja ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria. Barua za majibu zilitakiwa kuchapwa, na mchapaji wa shule alikuwa mmoja tu. Mkuu wa shule alimletea rasimu kumi na moja alizoziandika kwa mkono, akamwomba radhi. Yeye aliuliza tu kama zimepangwa kwa namba za majalada. Zilikuwa zimepangwa, na yake ilikuwa ya nane.

Wawili wetu tulikuwa dirishani tukisubiri rejista. Alichapa barua saba, moja baada ya nyingine, bila kufunua ya chini. Mbili kati ya hizo zilikuwa za kuwaaga watu aliokula nao chakula cha mchana miaka mingi. Alipofika ya nane aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha alisimama na kuipeleka ile rasimu kwa mkuu, ambaye mlango wake ulikuwa wazi.

"Mkuu, barua hii haina tarehe ya kuanza kazi."

"Mama, hiyo ni yako. Umepita!"

"Nimeona, ahsante. Lakini haina tarehe."

Barua za wale wawili hakuziacha mezani mwao. Alimpelekea kila mmoja mkononi, mtunza bustani kwanza, kisha mpishi msaidizi, akakaa nao. Ijumaa iliyofuata wote wawili walikuwa stoo, watu wazima wakihojiwa na wasichana wa kidato cha pili. Mtunza bustani sasa anasimamia kitalu cha miche, na mpishi yuko katika jiko la hosteli. Tangu wakati huo pia, kila anayekuja Ijumaa huanza kwa kukaa upande wa wanaouliza, ndipo ahamie upande wa pili. Mama Nukta anasema angetufundisha hivyo tangu zamani kama angeujua mapema uzito wa kile kiti.

Leo kumbukumbu za wanafunzi wote wa shule zimo katika mfumo, pamoja na ripoti za mihula sita alizozitoa mwenyewe. Mhazili mpya amefundishwa kwa miezi miwili na ameshaanza kuturudishia barua.

Mama yetu, ahsante kwa kila Ijumaa, na ahsante zaidi kwa zile tano ulizotuachia sisi tuulize. Sisi tunamaliza kidato cha nne mwaka huu, na wengi wetu tutaanza kutafuta kazi. Tunaondoka tukijua tulichokifanya na tusichokijua bado. Nenda ukapumzike ukiwa na afya na furaha, na uzee wako uwe mwepesi. Tukipata kazi, tutakuja nyumbani kukuambia. Tukikosa, tutakuja mapema zaidi.